Injinia unayetaka kuingia kwenye maabara ya kinga ya mwili: pa kuanzia ukiwa Mbeya, Iringa na nyanda zetu za juu

Kila ikifika mwezi wa saba, vijana wakianza kuhangaika na fildi, simu yangu inajaa maswali yaleyale. Kaka mimi nasoma umeme, naweza kuingia kwenye mambo ya kinga ya mwili bila kusomea udaktari? Baiolojia niliiacha kidato cha nne nikaenda PCM, nimeshachelewa? Uko maabara injinia anafanya nini zaidi ya kutengeneza friji? Nimejibu mmoja mmoja miaka yote hii, sasa nimeona niandike mara moja kila mtu asome.

Mimi ni injinia wa umeme, niliingia maabara ya seli hapa Mbeya kupitia matengenezo ya mashine, na saivi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na mainjinia wapya mpaka waweze kufanya kazi na watu wa imunolojia, yani elimu ya kinga ya mwili, bila kuharibu sampuli. Hii ndo njia ninayowapitisha, inachukua kama miezi 6 ukiwa na mtu wa kukusimamia.

Na mtu asikwambie hizi ni kazi za Ulaya tu. Kipimo cha kugundua TB kwa watoto kwa kuangalia seli T, aina ya seli za kinga, kwenye damu badala ya makohozi, kile kinachoangalia alama ya CD27 iliyo juu ya seli hizo, kilifanyiwa utafiti Mbeya na matokeo yakachapishwa 2014. Majaribio ya chanjo ya VVU ya PrEPVacc nayo Mbeya ilikuwa kituo kimojawapo, uchanjaji ukasimamishwa Novemba 2023 baada ya kuonekana chanjo hazitaweza kuzuia maambukizi. Imeuma, lakini kujua kwa uhakika kwamba kitu hakifanyi kazi kunataka vipimo vya kuaminika, na vipimo vya kuaminika hapo ndo injinia anapoingia.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI

- Kadi ya chanjo ya homa ya ini B. Dozi ni 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, kwaiyo anza leo, usisubiri upate nafasi ndo ukachanje.
- Daftari gumu la karatasi. Simu haiingii kwenye chumba cha sampuli.
- Kompyuta yenye Python, hata ya RAM 8 inatosha kwa kuanzia.
- Kikokotoo, rula na kipimajoto chako mwenyewe unachokiamini.
- Mtu mmoja wa maabara aliyekubali kukusimamia. Hili ndo gumu kuliko yote na nitalirudia chini.
- Koti la maabara na viatu vya kufunika vidole. Kandambili hapana.

HATUA

1. Jilinde kwanza. Damu yoyote ichukulie kama ina maambukizi, hata kama mwenyewe yuko mbele yako anacheka na afya tele. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, inaenda moja kwa moja kwenye boksi la vitu vya ncha kali. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa hapohapo, usione aibu, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na mwisho ni saa 72. Alafu kuna kosa la mainjinia hasa: unaona kabati lenye feni na chujio unadhani yote ni sawa. Sio sawa. Lipo linalopuliza hewa safi kuja usoni kwako, hilo linalinda sampuli tu, na lipo la usalama wa kibaiolojia linalovuta hewa kuingia ndani mbele yako, hilo linakulinda na wewe. Damu inafunguliwa kwenye hilo la pili. Ukiziba matundu ya mbele kwa kuweka daftari au kuegemea mikono, ulinzi wako umeisha.

2. Jifunze wachezaji 7 tu. Usifungue kitabu kikubwa ukaanza ukurasa wa kwanza, nimeona vijana wenye akili wakiishia sura ya tatu wakakata tamaa. Anza na kovu la BCG, chanjo ya TB, mkononi kwako. Ile chanjo ni bakteria hai aliyedhoofishwa, kwa mara ya kwanza ilipewa binadamu 1921. Jiulize, alivyoingia pale nani alimwona kwanza? Seli za kumeza, yani makrofaji na nyutrofili. Nani alibeba habari kuipeleka kwenye tezi? Seli za dendriti. Nani alipokea na kuanza kuamrisha wengine? Seli T za CD4. Nani anaua seli iliyoambukizwa? Seli T za CD8. Nani anatengeneza kingamwili? Seli B. Na wanaongeaje? Kwa saitokini, ambazo ni molekuli ndogo za ujumbe. Hao wachezaji 6 na lugha yao ni ya 7. Ukiweza kumsimulia mama yako hiyo stori kwa dakika 5 akakuelewa, nenda hatua ya tatu, mengine yatakuja yenyewe kazini. Na hiyohiyo BCG tangu miaka ya 70 inatumika kutibu saratani ya kibofu cha mkojo, inawekwa ndani ya kibofu ili iamshe kinga ishambulie uvimbe. Yani tiba ya kinga umeshaibeba mwilini toka utotoni.

3. Ifuate sampuli mwezi mzima, usiguse kitu. Namaanisha usiguse. Chora mchoro wa hatua kama unavyochora saketi: damu imetolewa saa ngapi, chupa gani, ya kifuniko zambarau yenye EDTA au ya kijani yenye heparini (zote mbili zinazuia damu isigande), imekaa wapi, imepanda bodaboda au gari la hospitali, imefika saa ngapi, imefunguliwa saa ngapi, joto la boksi lilikuwa ngapi. Utashangaa. Unakuta watu wanabishana wiki nzima kuhusu mashine kumbe damu ya kutoka mbali ilikaa masaa 9 njiani na ya jirani masaa 2, alafu zote zinalinganishwa kama vile ni sawa. Mhandisi aliyezoea nondo yenye kipimo chake au waya wenye saizi yake, hapa lazima abadilike. Damu ya mtu wa asubuhi sio ya jioni, aliyeumwa malaria juzi sio sawa na ambaye hajaumwa, na hiyo tofauti sio kelele ya kuichuja uitupe, mara nyingi hiyo ndo habari yenyewe unayoitafuta.

4. Piga hesabu za mwinuko. Hapa ndo utapata heshima yako ya kwanza maabara, kwasababu maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari na sisi Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Presha ya hewa huku ni kama kPa 83, kule chini ni 101.

Otoklevu, yani chungu cha mvuke cha kuua vijidudu: karatasi inasema paundi 15 kwenye geji ili upate nyuzi 121. Geji inasoma presha iliyozidi ile ya nje, na ya nje huku ni ndogo, kwaiyo kwenye paundi 15 hujafika 121. Unahitaji karibu 18. Ila usikaze tu, angalia kwanza mwisho wa presha aliouandika mtengenezaji, hakikisha hewa yote imetoka, alafu amini kipimajoto cha ndani kuliko geji. Ile tepu yenye mistari inayobadilika rangi inaonyesha mzigo umepita kwenye joto, haikuhakikishii kila mdudu amekufa.

Inkubeta ya seli, yani kabati la kukuzia seli: imeandikwa kaboni dayoksaidi asilimia 5. Asilimia 5 ya kPa 101 ni kama 5.1, asilimia 5 ya kPa 83 ni kama 4.2. Seli hazijui asilimia, zinajua presha ya gesi, na gesi ikipungua pH ya midia, yani maji ya lishe ya seli, inapanda, hapa ni karibu 0.1. Ni ndogo ila kwa seli T zinazokaa humo siku 6 inaweza kuwa shida. Kuipata ileile ya bahari unatakiwa karibu asilimia 6. Lakini inategemea sensa ya inkubeta yako ni ya aina gani na ilirekebishwa wapi, kwaiyo soma mwongozo wake, alafu hakiki kwa kupima pH ya midia iliyokaa humo usiku mzima. Na mwambie mkuu wa maabara kabla hujabadilisha namba yoyote, tafadhali, kuna majaribio ya watu humo ndani.

5. Tenganisha seli kwa mikono yako. Hii kila injinia lazima aifanye mpaka aizoee, hata kama kazi yake itakuwa ya kompyuta. Damu unaichanganya na maji ya chumvi ya PBS nusu kwa nusu, unaimwaga taratibu sana juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, ukiwa umeinamisha chupa, isichanganyike, ikae juu kama mafuta juu ya maji. Unazungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha chupa kwa kasi, kwa g 400 (mara 400 ya mvutano wa dunia) dakika 30, breki imezimwa. Ikisimama utaona chini kabisa wekundu, juu njano ya plazma, na katikati pete nyembamba nyeupenyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Hiyo pete ndo limfosaiti na monosaiti zako, yani seli nyeupe za damu unazozitaka. Unainyonya kwa pipeti, unaosha mara mbili, unahesabu. Mililita 1 ya damu inakupa kama seli milioni 1 hivi.

Sasa kosa kubwa, na hili nimelifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza sentrifuji kubwa iliharibika nikahamishia chupa 12 kwenye ndogo, nikaweka mizunguko ileile 1,500 kwa dakika niliyoikuta imeandikwa. Zilivyotoka pete hakuna, wekundu umesambaa kila mahali. Dada mteknolojia niliyekuwa naye alichukua chupa moja akaisoma lebo, akaniambia polepole, "Injinia, huyu mama katoka Chunya, kapanda gari alfajiri. Tumwambie arudi tumtoboe tena kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu na mpaka leo nikishika chupa nasoma lebo kwanza.

Fomula ni hii, iandike nyuma ya daftari:

g = 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × RPM × RPM (RPM ni mizunguko kwa dakika)

Kwa sentrifuji yenye nusu kipenyo cha sentimita 16, RPM 1,500 inakupa g kama 402. Kwa ya sentimita 10, RPM hiyohiyo inakupa 252 tu. Ukisoma maelekezo yoyote yameandika RPM bila nusu kipenyo, uliza. Usikisie.

Na mwezi wa sita na wa saba Ficoll iliyolala kwenye chumba cha baridi ya Mbeya usiitumie hivyohivyo, inakuwa nzito kuliko inavyotakiwa na utenganishaji unaharibika. Iache ifike nyuzi 18 mpaka 20 kwanza. Wenzetu wa Njombe na Mafinga nadhani hili sina haja ya kuwaeleza.

6. Ielewe flosaitomita, mashine ya kupima seli moja moja kwa leza, kama mashine ya mawimbi. Watu wa umeme hapa mtafurahi. Seli zinapita moja moja kwenye mkondo mwembamba, maelfu kwa sekunde, leza inazipiga, mara nyingi ya bluu ya nanomita 488, na rangi zilizobandikwa kwenye kingamwili zinazoshika seli zinawaka. Kila seli inatoa palsi. Palsi ina kimo, upana na eneo. Seli mbili zikipita zimeshikana, kimo kinaweza kufanana na cha moja ila eneo linazidi sana, kwaiyo ukichora eneo dhidi ya kimo utaona wale wawiliwawili wamejitenga pembeni na mstari, unawatoa. Hiyo haihitaji baiolojia yoyote, inahitaji mtu aliyeshika osiloskopu.

Rangi nazo zinamwagikiana. Rangi ya FITC inawaka karibu nanomita 520 lakini mkia wake unaingia kwenye chaneli ya rangi nyingine, PE, kwaiyo kila rangi uipime peke yake, upate jedwali la namba, yani matriksi, uligeuze, usahihishe. Usisahihishe kwa macho. Na mashine ya kuchambua seli moja moja ilikuja kwa mtindo huuhuu: mwaka 1965 Mack Fulwyler wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alichukua wazo la printa ya wino, la kuchaji tone moja moja la maji na kulipindisha kwa umeme, akalitumia kutenganisha seli. Wazo la printa, mpaka leo linatenga seli za wagonjwa.

7. Chambua data mwenyewe. Faili za FCS, zile zinazotoka kwenye flosaitomita, zinasomeka kwa Python, na tovuti ya ImmPort ina data za bure za tafiti za kinga. Chukua moja, tafuta CD4 na CD8, linganisha na walichoandika wenyewe. Hatari ya hapa ni kuchora mipaka kwa kuitazama sampuli unayotaka ikupe jibu. Mpaka unaamuliwa kwenye sampuli ya udhibiti iliyokosa rangi moja, kabla hujafungua ya mgonjwa. Hili sina msamaha nalo.

8. Chagua tiba moja uijue kwa kina. Zipo nyingi, mimi huwa natoa tatu.

Watu wa kemikali na mitambo waende kwenye mRNA, yani maelekezo ambayo seli inayasoma ili itengeneze protini, ile iliyowapa wanasayansi Karikó na Weissman tuzo ya Nobeli 2023. Kuna kazi ya kuchanganya mkondo wa pombe yenye mafuta na mkondo wa maji yenye mRNA ndani ya vijifereji, kasi ya mchanganyiko ndo inaamua saizi ya vipunje vya mafuta vinavyobeba mRNA, ambavyo vinalengwa karibu nanomita 100. Hiyo ni mekanika ya vimiminika.

Wa umeme na udhibiti waende kwenye seli za CAR-T. Unatoa seli T za mgonjwa, unaziwekea jeni mpya ya kutambua saratani, unazikuza, unamrudishia. Mwaka 2012 Philadelphia, Emily Whitehead wa miaka 6 alikuwa mtoto wa kwanza kupewa kwa leukemia yake, yani saratani ya damu. Seli zilifanya kazi mpaka zikapitiliza, saitokini zikapanda, homa kali, akawekwa kwenye mashine ya kupumua. Damu ilionyesha IL-6, mojawapo ya saitokini, iko juu sana, na dawa ya kuizuia ilikuwepo tayari, tocilizumab, inayotumika kwa ugonjwa wa kuvimba maungio. Wakampa, akatulia, akapona. Angalia hapo kama mtu wa kontrol: kitanzi kinachojichochea, kipimo kilichoonyesha kigezo gani kimepanda, na breki iliyowekwa mahali sahihi. Tiba hiyo ilipoidhinishwa Marekani 2017 bei yake ilitangazwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Sehemu kubwa ya gharama ni utengenezaji wa mgonjwa mmoja mmoja kwa mikono na vyumba safi, na hilo ni tatizo la uhandisi, yani letu.

Ya tatu ni ya kwetu kabisa, mnyororo wa baridi. Chanjo ya pentavalenti, ile ya watoto ya kukinga magonjwa matano, inataka nyuzi 2 mpaka 8, na ikiganda inaharibika hata kama ukiiangalia inaonekana nzima. Watu wanaogopa joto tu, lakini Makete mwezi wa saba ambako majani yanaamka na barafu, friji mbovu inaweza kugandisha. Ukitengeneza kirekodi joto cha bei nafuu kinachotuma meseji umeshaanza kazi ya kinga, usidharau.

9. Fanya mradi mmoja mdogo uumalize. Mfano: wiki 8 za kurekodi umeme, joto la friza na uhai wa seli zilizoyeyushwa, alafu uonyeshe uhusiano. Ukihitaji damu ya watu, hata ya rafiki yako aliyekubali, lazima kibali cha maadili ya utafiti kwanza. Usijitoboe mwenyewe wala mwenzako kwenye meza ya fildi.

IKIKWAMA

Pete nyeupe haionekani. Angalia g kwanza, alafu breki, alafu joto la Ficoll, alafu masaa tangu damu itolewe. Kwa mpangilio huo.

Pete ipo ila imevurugika juu. Karibu kila mara ni breki iliachwa imewashwa, au ulimwaga damu kwa haraka.

Seli nyingi zimekufa baada ya kuyeyusha. Kugandisha kunataka kushuka nyuzi 1 kwa dakika, kuyeyusha kunataka haraka kwenye maji ya nyuzi 37. Wengi wanageuza, wanagandisha fasta na kuyeyusha polepole. Kama hapo uko sawa, angalia kama friza ilipanda joto umeme ulipokatika usiku.

Saitomita inaziba. Chuja seli kabla ya kuziingiza, na muulize aliyetumia mwisho kama alisafisha. Usiingize waya popote.

Matokeo yamebadilika ghafla na hakuna aliyebadilisha kitu. Kuna kitu kimebadilika. Loti mpya ya kingamwili, leza baada ya umeme kurudi, fundi aliyesogeza mashine wakati wa usafi. Endesha vishanga vya kalibresheni, vile vya kuhakiki mashine, kila asubuhi na uweke grafu ukutani, utaona siku ilipoanza.

Watu wa baiolojia hawanielewi. Hapa niseme ukweli, mara nyingi ni injinia ameingia na suluhisho kabla hajauliza swali. Keti na mteknolojia, muulize nini kinamchosha zaidi kila siku, anza na hicho hata kama ni mlango wa friza usiofunga vizuri. Nimeona mlango wa friza ukimfungulia kijana nafasi ambayo cheti chake hakikuweza.

Sipati wa kunisimamia. Usipeleke barua mwezi wa saba, wakati huo nafasi zimeisha, peleka wa tatu au wa nne. Kwenye barua usiandike kwamba unapenda sana sayansi. Andika kitu kimoja ulichowahi kupima, ulipima kwa nini, ulikosea wapi na ulirekebishaje, nusu ukurasa, na ambatanisha nakala ya kadi ya chanjo ya homa ya ini yenye angalau dozi ya kwanza.